Bunduki ya Kwanza ya Kuwinda kwa Mfuko Mdogo: Shotigani, .22, .30-06 au .375?

Mpasua mbao mmoja wa Mafinga alinijia mwezi Mei akiwa na akiba ya misimu miwili na swali moja: "Kaka, nichukue ipi?" Alikuwa ameonyeshwa bunduki mbili zilizotumika, bei zake zikikaribiana. Moja ilikuwa .375 (namba hizi hutaja kaliba, yaani ukubwa wa risasi na mtutu wake), nzito, inang'aa, mtutu mnene. Nyingine .30-06 ya Brno, kiwanda cha Chekoslovakia, ya siku nyingi, kitako kimechubuka na kufifia rangi. Wote aliowauliza walimwambia achukue kubwa, maana kubwa haishindwi na mnyama. Nikamuuliza jambo ambalo hakuna aliyekuwa amemuuliza: ukishalipia bunduki, utabaki na hela ya risasi ngapi? Akahesabu kwa vidole, akanyamaza.

Kimya kile nakifahamu. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa mimi, na sikupata mtu wa kuniuliza. Ndiyo maana naandika haya kwa yeyote wa Iringa, Mbeya, Njombe au Songwe aliyekwama kati ya bunduki mbili tatu na hana hela ya kukosea.

Karatasi hutangulia

Usilipe hata arubuni kabla ya kibali. Umiliki wa bunduki unasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na maombi huanzia nyumbani kwako, kwenye serikali ya kijiji au mtaa, ndipo yapande hadi polisi. Kuwinda kunasimamiwa na sheria nyingine kabisa, ile ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Hizi ni ruhusa mbili tofauti. Mwenye leseni ya bunduki bila leseni ya kuwinda akikutwa porini na mzoga ni jangili kama majangili wengine, na anayewinda kwa leseni yake halali lakini kwa bunduki ya shemeji naye yuko matatani. Bunduki haiazimwi kama jembe.

Nenda pia kwa afisa wanyamapori wa wilaya mapema, hata kabla ya kuchagua kaliba. Muulize ni wanyama gani wanaotolewa kwa wenyeji katika eneo lako na silaha gani inakubalika kwa kila mmoja. Jibu lake litakuokolea hela nyingi kuliko punguzo lolote la dukani.

Nitakavyozipima

Kwanza, mnyama. Nasema yule atakayeandikwa kwenye leseni yako. Yule unayemwota usiku mwache kwanza. Mtu wa kwetu anayetoka mara moja kwa mwaka, msimu ukishafunguliwa Julai na nyasi zimeshaanza kukauka, huandikiwa swala pala, ngiri, tohe, pengine kongoni, au ndege kama kanga na kwale. Nyati na wenzake ni habari nyingine, na sheria zetu zinawatenga: kwa wanyama hatari kaliba ya chini inayokubalika ni .375.

Pili, risasi, na hapa ndipo mfuko mdogo hutoboka. Anayeanza anahitaji kupiga walau risasi 60 kwenye shabaha, uwanjani panapokubalika na polisi, kabla hajamwelekezea mtutu mnyama. Kila mwaka baada ya hapo apige 20 za kukumbushia. Kwa hiyo unapolinganisha bei, usilinganishe bunduki na bunduki. Linganisha bunduki pamoja na risasi zake 60 na bunduki nyingine pamoja na risasi zake 60. Mara nyingi mpangilio unageuka juu chini. Kisha uliza kama risasi hizo zinapatikana mwaka mzima kwenye duka lenye leseni unaloweza kulifikia, au ni mpaka mtu atoke Dar es Salaam.

Tatu, teke. Bunduki inayokuumiza bega inakufundisha kufumba macho, na tabia hiyo ikishaingia haitoki kirahisi.

Nne, pori lenyewe. Miombo ya Chunya haikupi nafasi ya kupiga mbali: miti inafunga, mara nyingi unamwona mnyama akiwa mita 60 au 100. Tambarare za Usangu na upande wa Pawaga ni wazi zaidi, mita 150 si ajabu.

Tano, unyevu. Wa Pawaga hatalijua tatizo hili, lakini wa Tukuyu, Mufindi au Njombe atalijua kabla msimu haujaisha. Nitalirudia.

Shotigani ya mtutu mmoja, kaliba 12

Kazi yake. Ndege. Hapo haina mshindani. Inatoa marisawa, chembe nyingi ndogo zinazotawanyika, kwa hiyo kanga anayekimbia au kwale anayeruka ghafla miguuni pako anapatikana hadi mita 30, 35. Zaidi ya hapo chembe zinatawanyika mno na kupoteza nguvu. Ukibadilisha risasi ukaweka yenye kipande kimoja kizito cha madini ya risasi badala ya chembe, shotigani hiyo hiyo inaweza kumwangusha ngiri au nguruwe pori kwenye kichaka akiwa ndani ya mita 50. Ni kazi ya karibu, kwa mtu aliyeipima bunduki yake kwa risasi hiyo hasa.

Onyo hapa linatoka moyoni. Kuna risasi za chembe kubwa, SSG na jamaa zake, na watu wengi huamini zinaweza kumpata swala mita 60. Zinampata kweli: chembe mbili tumboni, moja pajani. Anakimbia, anafia kwenye korongo usiku, fisi wanamla. Ukiona umbali unazidi hatua 30 na ulichobeba ni chembe kubwa, shusha mtutu.

Risasi na gharama. Ndiyo bunduki ya bei nafuu kuliko zote katika orodha hii, na katriji za kaliba 12 ndizo zinazopatikana kwa urahisi zaidi. Baikal ya Kirusi, zile za Izhevsk zenye mtutu mmoja unaokunjika katikati, utazikuta mikononi mwa watu wengi, zimepigwa jua na mvua na bado zinafanya kazi. Hakuna vingi vya kuharibika ndani yake.

Ukinunua ya zamani, pima chemba, yaani sehemu ya mtutu inamokaa katriji. Shotigani nyingi za zamani za Uingereza zilitengenezwa kwa katriji za milimita 65, na katriji za kawaida siku hizi ni za milimita 70. Katriji hiyo ndefu inatumbukia vizuri, unafunga, unadhani mambo safi, kumbe mdomo wake ukifunguka wakati wa kulipuka hauna nafasi na msukumo unapanda kupita kiasi. Urefu wa chemba mara nyingi umegongwa ubavuni mwa mtutu. Usipouona, mpelekee fundi wa silaha mwenye leseni.

Bega. Watu hudhani shotigani ni laini kwa sababu ni rahisi. Mtutu mmoja ni mwepesi, na wepesi huo bega linaulipia. Anza na katriji zenye gramu 28 za marisawa.

Inamfaa nani. Anayetaka ndege na kitoweo kidogo, na mwenye mfuko mdogo kabisa. Haimfai anayesema "nitaanza na ndege, kisha nitahamia swala kwa bunduki hiyo hiyo."

.22

Kazi yake. Kujifunza kupiga, na wanyama wadogo: sungura, kanga aliyetulia chini, pale leseni inaporuhusu. Kichwa cha risasi yake kina gramu 2.6 hivi, na nguvu yake ni ndogo mno kwa swala. Nimesikia watu wakijisifu kumwangusha swala pala kwa .22 ya kichwani. Hawasimulii wale waliokwenda na taya lililovunjika.

Risasi na gharama. Risasi za .22 ni rahisi kuliko zote kwa mbali. Hiyo ndiyo hazina yake. Kwa hela ya kisanduku kimoja cha .375 unapiga mazoezi miezi kadhaa. Na bunduki hizi hazichakai upesi, Brno za .22 za enzi ya Chekoslovakia bado zinapiga shabaha inayokushangaza.

Bega. Hakuna teke la kulitaja. Mkono unajifunza kuvuta triga polepole, jicho linabaki wazi. Ila usiidharau: risasi yake inaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja na nusu, na inarukaruka ikigonga jiwe au maji. Nyuma ya shabaha pawepo na udongo wa kutosha.

Inamfaa nani. Mwenye subira, anayeweza kusema: mwaka huu najifunza, mwaka wa pili naongeza raifo kubwa, yaani bunduki ya risasi moja moja kama .30-06. Anayetarajia kibali cha bunduki moja tu kwa muda mrefu afikirie mara mbili, maana atabaki na bunduki nzuri isiyoweza kumletea ngiri.

.30-06, na ndugu yake .308

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu wengi wanaoniuliza wanafaa kuwa hapa, na kwa sababu mkanganyiko nao uko hapa.

Kazi yake. Karibu kila swala na nguruwe wa nyanda zetu. Kichwa cha gramu 11.7 kikitoka mtutuni kwa mwendo wa mita 820 hivi kwa sekunde kinamtosha swala pala, tohe, ngiri, kuro, kongoni na tandala. Pofu dume, ambaye anaweza kupita kilo 700, naye anaangushwa na .30-06, lakini kwa kichwa imara kisichosambaratika, mahali sahihi, umbali wa wastani, na mkono uliozoea. Nyati hapana. Sheria imekataa, na hata isingekataa ningekuambia hivyo hivyo.

Ukiisawazisha ipige katikati kwa mita 100, kwa mita 200 itakuwa imeshuka sentimita 10 hivi. Maana yake kwa pori letu ni kwamba hadi mita 150 unalenga tu pale unapotaka ipige, bila hesabu yoyote kichwani. Anayeanza anahitaji hilo kuliko kitu kingine. Pumzi iko juu, moyo unadunda, mnyama anakaribia kugeuka. Huo si wakati wa kufanya hesabu.

Sasa, .30-06 au .308? Ya kwanza ilizaliwa jeshini Marekani mwaka 1906, ganda lake milimita 63. Ya pili ilitoka 1952, ganda milimita 51, na vichwa vyao ni vya kipenyo kile kile. Kwa kichwa cha uzito sawa, .30-06 ina mwendo zaidi kidogo, kama mita 20 au 30 kwa sekunde. Kongoni hawezi kukuambia tofauti. Nimeona marafiki wakibishana jioni nzima Makambako juu ya jambo hili, kisha asubuhi wote wawili hawakuwa na risasi za kutosha. Amua kwa rafu ya duka: ile ambayo risasi zake umezikuta mara tatu ulizokwenda, chukua hiyo. Na usithubutu kuingiza risasi ya .308 kwenye bunduki ya .30-06. Itaingia, ndiyo hatari yenyewe, na ganda linaweza kupasuka mbele ya uso wako.

Utakutana pia na za urithi, zinazouzwa rahisi: .303 za Waingereza na 7×57 za Mauser. Kwa nguvu zote mbili zinatosha kwa swala, na 7×57 ina teke pole ambalo mtu mwembamba atalishukuru. Kinachozishusha bei ni risasi. Bunduki rahisi unayoizungukia nchi nzima kutafuta kisanduku kimoja si rahisi tena.

Risasi na gharama. Katikati. Si rahisi kama katriji za shotigani, lakini ni nafuu kwa kiasi kikubwa kuliko .375. Kwenye bunduki zenyewe uchaguzi ni mpana: Brno na CZ zilizotumika, Zastava M70 ya Kragujevac nchini Serbia iliyojengwa juu ya mfumo wa Mauser wa 1898, Howa 1500 ya Japani. Zote hizi ni za bolti, unavuta na kusukuma kwa mkono, na kwa mfuko mdogo huo ndio mfumo ningeushauri, maana una vipande vichache na unasafishika hata ukiwa kambini.

Ongeza hesabu ya darubini. Hapa watu wengi hukosea kwa kununua bunduki nzuri na kuifunga darubini ya bei ya miwani ya jua. Teke la .30-06 linaitingisha mpaka msalaba wa ndani unahama. Leo inapiga kati, kesho inapiga kushoto, na wewe unajilaumu mkono. Darubini ndogo ya kukuza mara nne isiyobadilika, ya kampuni inayojulikana, na vishikizo imara vya chuma, ni bora kuliko yenye kukuza mara kumi na sita isiyoaminika. Hela isipotosha, baki na vilengeo vya chuma na ujiwekee mpaka wa mita 80. Wazee wetu wengi hawakuwahi kuangalia ndani ya darubini.

Bega. Linavumilika kwa mtu mzima mwenye afya, ikiwa bunduki ina uzito wa kilo tatu na nusu au zaidi na ina mpira kitakoni. Risasi kumi kwa siku moja ya mazoezi zinatosha. Ukizidisha bega linaanza kufundisha mambo mabaya.

Inamfaa nani. Anayewinda swala na ngiri, bunduki moja, miaka mingi. Haimfai anayetaka ndege (kanga aliyepigwa .30-06 hana nyama ya kurudi nayo), wala mwenye shamba lililozungukwa na nyumba, maana risasi yake hubeba kilomita kadhaa.

.375

Kazi yake. Kila kitu, na hilo ni kweli. .375 H&H Magnum iliingia sokoni mwaka 1912 na hadi leo ndiyo kaliba ya kwanza inayotajwa kwa Afrika. Kichwa cha gramu 19.4, nguvu kama mara moja na nusu ya .30-06. Ndiyo mlango wa kisheria wa nyati. Na tofauti na wanavyodhani wengi, haiharibu nyama ya swala kupita kiasi, kwa sababu kichwa chake ni kizito na hakina mwendo mkali sana. Anayejua kuitumia ana bunduki moja inayomtosha maisha.

Risasi na gharama. Hapa ndipo ilipo. Bunduki iliyotumika unaweza kuipata kwa bei inayokaribia .30-06, kama alivyopata kijana wa Mafinga, kwa sababu mwenye kuiuza naye ameshindwa kuilisha. Kisanduku cha risasi 20 kinauma, na huzikuti kila duka. Risasi 60 za mazoezi kwa .375 zinaweza kukaribia bei ya bunduki ndogo.

Bega. Teke lake ni karibu mara mbili ya .30-06. Nitasimulia kilichonipata.

Bunduki yangu ya kwanza ilikuwa .375, na nilikuwa na hela ya risasi nane tu za kujifunzia. Kufikia ya tano nilikuwa nafumba macho kabla ya kuvuta triga bila kujua. Agosti ile, upande wa Chunya, kongoni dume alisimama ubavu, mita 90 hivi, hakuna nyasi mbele yake. Nilipovuta, mkono uliukandamiza mtutu chini kwa kuogopa kishindo. Risasi ikapita chini ya kifua na kumvunja mguu wa mbele. Tulimfuata kuanzia saa tatu asubuhi. Mzee aliyekuwa anasoma nyayo, mtu aliyeniamkia "Kamwene" kila alfajiri kwa uchangamfu, hakunisemesha siku nzima. Aliinama, akagusa tone la damu kwenye jani, akanyooka, akaendelea. Tulimkuta jua likiwa limeshafika kwenye miti, amelala chini ya mninga, anapumua. Nilimmaliza kwa risasi ya pili. Ndipo mzee aliponigeukia: "Mwanangu, bunduki hii bado inakuwinda wewe." Niliiuza kabla ya masika, nikanunua .30-06, nikapiga risasi 60 kwenye shabaha kabla ya kurudi porini.

Sikuisimulia ili kuichafua .375. Kosa lilikuwa langu, na jirani yangu mmoja aliyeanza na .375 hiyo hiyo lakini akiwa na mfuko mpana wa risasi hajawahi kujeruhi mnyama akapotea.

Inamfaa nani. Mwenye uhakika wa leseni ya nyati ndani ya miaka michache, mwenye hela ya kujifunza nayo, na mwenye mwili na nidhamu ya kuvumilia. Haimfai anayeinunua kwa sababu ya kuheshimika barazani.

Kuhusu gobore

Huuliza watu, hivyo nalijibu. Gobore la kienyeji lisilo na leseni ni kosa la jinai, na polisi mara kwa mara hutangaza muda wa kusalimisha silaha kwa hiari. Anayelo alitumie dirisha hilo. Zaidi ya sheria, mtutu wake ni bomba ambalo halikutengenezwa kwa msukumo huo. Nimemwona mtu aliyepoteza vidole vitatu. Sitaliweka kwenye ulinganisho.

Ukinunua iliyotumika

Linganisha namba iliyogongwa kwenye bunduki na iliyo kwenye karatasi, tarakimu kwa tarakimu, na uhamisho upitie polisi. Kisha hakikisha haina risasi, toa bolti, angalia ndani ya mtutu kwa tochi kutoka upande wa chemba. Unatafuta mifuo (mistari inayozunguka ndani ya mtutu) iliyo wazi na inayong'aa. Vijishimo vyeusi vya kutu karibu na mdomo ni sababu ya kuondoka, kwa sababu mdomo wa mtutu ndio wa mwisho kuigusa risasi. Nyingi za zamani ziliharibiwa na risasi za kijeshi za enzi zile, ambazo huacha chumvi ndani na chumvi hiyo hunyonya maji. Angalia ufa mwembamba kwenye kitako nyuma ya bolti. Jaribu sefti, kile kizuizi cha usalama: bunduki ikiwa tupu, ifunge, vuta triga, iachie, kisha fungua sefti. Kikilia kishindo cha kufyatuka, acha.

Michubuko ya kitako isikutishe. Inapunguza bei na haipunguzi shabaha.

Na sasa unyevu. Rungwe hupata mvua inayopita milimita 2,000 kwa mwaka, na ukungu wa Mufindi unaingia hadi kabatini. Usihifadhi bunduki ndani ya mfuko wake wa ngozi. Ngozi hushika maji na kuyalaza juu ya chuma. Ifute alama za vidole, ipake mafuta mepesi, ifungie kwenye kabati la chuma, na risasi zifungwe mahali pake tofauti. Kitako cha mbao kikivimba kwa mvua husukuma mtutu na shabaha inahama, kwa hiyo wa Tukuyu anayepata kitako cha plastiki kwa bei hiyo hiyo akichukue, hata kama mbao inapendeza zaidi machoni.

Kwa hali yako

Kama unataka kanga na kwale kando ya mashamba, na bajeti yako ni ya chini kabisa: shotigani ya mtutu mmoja, katriji za gramu 28, chemba iliyopimwa. Hela itakayobaki iende kwenye katriji.

Kama hujawahi kushika bunduki na huna haraka ya nyama: .22 ya kwanza, kisha raifo kubwa. Utaanza kuwinda kwa kuchelewa na utawinda vizuri.

Kama ni swala na ngiri, mara moja au mbili kwa mwaka, Chunya au Pawaga: .30-06 au .308 ya bolti, iliyotumika, na darubini ndogo ya kuaminika. Igawe hela yako hivi: isizidi nusu kwenye bunduki yenyewe, iliyobaki iende kwenye darubini, risasi na kabati. Kijana wa Mafinga ndiko alikoangukia, akachukua ile Brno iliyochubuka. Kama angekuwa mtu wa ndege ningemshauri vingine.

Kama mnaenda na kikundi chenye leseni ya nyati na una uwezo wa kununua risasi 60: .375, lakini tafuta mtu akusimamie uwanjani, na yeye ndiye akupakilie bunduki, mara nyingine akupe ikiwa tupu bila wewe kujua. Mtutu ukishuka ulipovuta triga ikiwa tupu, hujawa tayari.

Kama tatizo lako ni nguruwe pori na nyani wanaomaliza mahindi: anza kwa afisa wanyamapori wa wilaya, usianze dukani. Kumpiga mnyama shambani bila utaratibu kunaweza kukufikisha mahakamani, na wilaya ina wajibu wake katika hilo.

Kama hasa unachotamani ni ladha ya nyamapori: kanuni za mwaka 2020 ziliruhusu mabucha ya nyamapori yenye leseni. Nunua kilo zako, pika, na akiba yako ibaki.

Na kama hela yako inatosha bunduki peke yake, bila risasi 60 za shabaha, subiri Julai nyingine. Tumia mwaka huo kutembea na mtu mwenye leseni, umbebee maji, ujifunze nyayo na upepo.